Kuanzia Saa Ngapi?

Ijumaa ya tarehe 26 Machi 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipolihutubia taifa kuhusu wimbi jipya la korona, tulikuwa watu saba tumeketi juu ya madaka mawili, yaani baraza za mawe za mlangoni, yanayotazamana, huku Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, na redio tumeiweka juu ya kigoda katikati ya njia. Punda wakipita ilitubidi tukiinue kigoda na redio yake, kisha tukirudishe. Rais akataja kaunti tano: Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru. Hakuna atakayeingia wala kutoka, na huko kafyu itaanza saa mbili usiku. Mzee mmoja aliye mwepesi wa kusinzia kuliko kusikiliza akafumbua macho na kuuliza swali ambalo nimelisikia likiulizwa mji huu kila tangazo la aina hiyo linapotoka, kabla ya mtu yeyote kuuliza sababu, na kabla ya kuulizwa ni nani mgonjwa na ni wangapi waliokufa.

"Kuanzia saa ngapi?"

Tukamwambia kwamba sisi hatumo katika kaunti tano, na kwamba kafyu yetu inabaki pale pale, saa nne usiku. Akashukuru Mungu, akafumba macho tena. Kijana anayesimamia nyumba ya wageni kule Shela hakushukuru. Simu ilikuwa tayari sikioni, kwa kuwa Pasaka ilikuwa tarehe 4 Aprili, siku tisa tu mbele, na wageni wake wote walikuwa wa kutoka Nairobi.

Swali la yule mzee ndilo ninalotaka kuliandikia. Watu wa mbali, na baadhi ya maofisa waliokuwa wakitutembelea, walizoea kusema kwamba watu wa Lamu walizipokea amri za korona kwa ukaidi, au kwa kudra isiyo na akili, kana kwamba tulikaa barazani tukingoja kufa. Nimeishi hapa miezi yote ile na sikuuona ukaidi huo. Nilichokiona ni watu wanaoipima kila amri kwa saa zake, kwa sababu wamewahi kuishi chini ya amri za aina hiyo, na kwa sababu maisha ya kisiwa hiki hayaendeshwi na saa ya ukutani.

Turudi mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi, skuli zikafungwa siku chache baadaye, misikiti na makanisa yakafuata, na tarehe 27 Machi kafyu ya nchi nzima ikaanza, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Saa moja usiku, mwezi wa Machi, Lamu, ni wakati gani? Jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu. Isha huadhiniwa saa moja na nusu na kidogo. Kwa hiyo mpaka wa amri ulichorwa katikati kabisa ya Maghrib na Isha, na kipindi hicho ndicho mji huu unachopumulia. Mchana ni wa jua kali na kazi. Baada ya Maghrib watoto huwa wametoka chuo cha Kurani, wanawake huvaa mabuibui wakaenda kuwatazama wazazi na wagonjwa, wanaume hukusanyika Mkunguni mbele ya Ngome, na muuza kahawa hupita na mdila wake akigonganisha vikombe viwili vidogo mkononi ili aliye ndani ya nyumba asikie. Misikiti ilikuwa imefungwa tayari, na watu walikuwa wamekubali, tena kwa urahisi kuliko nilivyotarajia. Kilichowagusa ni kwamba aliyeiandika saa moja alikuwa anafikiria mji wa magari, ambako watu hutoka kazini saa kumi na moja wakapanda matatu. Huku kwetu saa moja ndiyo mwanzo wa jioni.

Halafu kulikuwa na kumbukumbu. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu, na tarehe 20 Julai mwaka huo Kaunti ya Lamu ikawekewa kafyu kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa kumi na mbili unusu asubuhi. Saa kumi na mbili kamili za kufungiwa, na zilituangukia ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani. Kafyu ile iliongezwa muda tena na tena. Kabla yake, baada ya wageni kutekwa nyara mwaka 2011, wavuvi walikuwa wamekatazwa kuvua usiku, na katazo hilo lilidumu kwa miaka. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 2014 alikuwa na kumi na sita korona ilipoingia, na katika fahamu zake neno kafyu lilikuwa na sura moja tu: watu wenye bunduki wanaouliza unatoka wapi. Ukimwambia mtoto huyo kwamba kafyu hii mpya ni dawa, atakusikiliza kwa adabu, kisha atauliza ni saa ngapi ili ajue kujificha.

Na siku ile ile ya kwanza tulipata sababu ya kutoiamini dawa yenyewe. Alasiri ya tarehe 27 Machi, saa chache kabla kafyu kuanza, abiria waliokuwa wamesongamana kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, wakitaka kuvuka warudi kwao kabla ya saa moja, walitupiwa vitoza machozi na kupigwa marungu. Picha zilitufikia kwenye simu kabla hata ya Isha. Siku tatu baadaye mtoto wa miaka kumi na mitatu akauawa kwa risasi Nairobi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Rais aliomba radhi kwa nguvu zilizotumika, na katikati ya Aprili Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Chama cha Mawakili, ikasema kafyu ni halali lakini ukatili wa polisi katika kuitekeleza ulikiuka katiba. Hukumu hiyo niliisoma mara mbili kwa furaha. Barazani waliniuliza tu: sasa saa zimebadilishwa? Nikajibu hapana. Wakarudi kwenye mazungumzo yao.

Ndugu yangu mdogo ni mvuvi. Juma la kwanza la Aprili 2020 walikuwa watu watano ndani ya mashua, upande wa Pate, na njia ya kurudi Lamu bila kuzunguka bahari kuu ni Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara wenye mikoko huku na huku. Mkanda haupitiki isipokuwa maji yakijaa. Sasa hesabu za maji ni hizi, na mtoto yeyote wa Lamu anazijua kabla ya hesabu za skuli: wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa alasiri na alfajiri, wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Juma lile lilikuwa la maji mafu. Walifika mdomo wa Mkanda saa kumi alasiri, maji yamekupwa, mchanga unaonekana. Kwa desturi wangengoja, wakapika, wakalala kidogo, na saa nne usiku wakapita kwa pondo na tanga, wakafika mjini na samaki wangali na barafu.

Saa nne usiku ilikuwa saa tatu ndani ya kafyu. Wakashauriana. Wawili walisema wapite, kwani nani atawaona gizani? Nahodha, mzee asiye na maneno mengi, akasema yeye aliwahi kuonekana gizani mwaka 2014 na hataki kuonekana tena. Akaongeza kwa Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu: "Mai hayayui saa moya, lakini askari aiyua." Wakabaki. Maji yakajaa, yakawainua, yakakupwa tena, wakapwelewa hapo hapo juu ya tope hadi jua likatoka na mbu wakachoka. Walipofika Lamu karibu na adhuhuri, barafu ilikuwa maji na changu walikuwa wamelegea kiasi kwamba mnunuzi aliwabonyeza kwa kidole kimoja na kuondoka bila kutaja bei. Nilikuwepo pale gatini. Ndugu yangu alichukua samaki mmoja, akanionyesha alama ya kile kidole iliyobaki ubavuni mwa samaki, shimo dogo lisilorudi, akasema, "Hii ndiyo korona niliyoiona mimi."

Baadaye nilitafuta orodha ya waliosamehewa kafyu nikaisoma kwa sauti barazani. Walikuwamo wahudumu wa afya, watangazaji, mabenki, na wauza vyakula, wasambazaji na wasafirishaji wa mazao ya shamba. Palizuka mjadala ambao ninaukumbuka kwa raha hadi leo. Je, samaki ni mazao ya shamba? Mmoja alisema bahari ni shamba la Mungu, kwa hiyo ndiyo. Mwingine akasema mkulima hulala na shamba lake hubaki mahali pake, ila shamba la mvuvi huondoka na maji. Fundi wa majahazi akamaliza kwa kusema kwamba mwenye kuamua ni askari atakayekusimamisha, na yeye hana muda wa kusoma orodha. Hakuna aliyecheka sana.

Sitaki kujitoa katika hadithi hii. Mimi ni mwalimu, na katika siku zile za mwanzo nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakali kupita kiasi. Nilimkaripia muuza kahawa wa mtaani petu mbele ya watu kwa sababu alikuwa akipitisha vikombe vile vile viwili kutoka mdomo hadi mdomo. Nilimweleza virusi ni nini, nikamweleza mita moja na nusu, yeye akiwa amesimama katika njia ambayo upana wake ni mabega ya punda mmoja na magunia yake. Alinisikiliza hadi mwisho, mdila mkononi, kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, skuli imefungwa. Mshahara wako nao umesimama?" Haukuwa umesimama. Uliingia mwisho wa mwezi kama kawaida na uliendelea kuingia. Nilinyamaza, naye akaenda zake. Tangu siku hiyo kila niliposikia mtu mwenye mshahara akilalamika kwamba wananchi hawana nidhamu, nilikumbuka swali lile.

Kuhusu barakoa sina mengi. Faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita ilitosha kumfanya kila mtu awe na kitambaa mfukoni, na kitambaa hicho kilipandishwa usoni karibu na gati na kuteremshwa baada ya kona ya kwanza.

Jambo ambalo watu walilipokea kwa moyo mzito, lakini bila ubishi, ni mazishi. Kwa desturi yetu jeneza halibebwi na watu wanne kutoka nyumbani hadi makaburini. Hupita juu ya mabega ya mtaa mzima, kila mtu akikimbilia kulishika kwa hatua chache, kwa sababu ya thawabu na kwa sababu ya haya. Amri ilipunguza waombolezaji hadi 15. Nilihudhuria mazishi ya jirani yetu aliyekufa kwa maradhi ya siku nyingi yasiyohusiana na korona, na nilikuwa wa kumi na nne katika orodha iliyoandikwa na mtoto wake kwa kalamu ya risasi. Wengine walisimama vizingitini mwa nyumba zao, na jeneza lilipopita walinyoosha mkono bila kuligusa. Hapakuwa na askari hata mmoja njiani. Watu waliitii amri ile kwa kuwa masheikh walikuwa wamewakumbusha hadithi ya Mtume (S.A.W.) kuhusu tauni, kwamba mkisikia imeingia nchi msiingie, na ikiwa mko ndani yake msitoke, na kuwasimulia jinsi Sayyidna Omar alivyogeuza msafara wake njiani kuelekea Sham, akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Maneno hayo yalifanya kazi ambayo rungu halikuifanya. Anayesema kudra iliwazuia watu wa hapa kujikinga hakuisikia darsa hata moja.

Tarehe 8 Aprili serikali ilifunga kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Lamu haikutajwa, na kwenye ramani tulikuwa huru. Lakini barabara yetu ya kwenda Mombasa hupita Garsen, Malindi na Kilifi, na hatuna nyingine. Mizigo iliruhusiwa, watu hawakuruhusiwa. Unga ulifika, na mgonjwa wa kupelekwa Mombasa akahitaji kibali. Mama yangu ana dada yake Malindi, wamezoea kufuturu pamoja siku chache za kila Ramadhani, na mwaka ule walifuturu kwa simu, kila mmoja akimweleza mwenziwe alichopika, tambi, kaimati, mkate wa sinia, hadi salio likaisha. Kati ya adhana ya Maghrib na mwanzo wa kafyu hapakuwa na hata saa nzima. Sahani za futari ambazo huvuka kutoka nyumba hadi nyumba zilivuka kwa mbio, zikibebwa na watoto waliofundishwa kwamba lazima wawe wamerudi kabla ya saa moja. Kilifi na Kwale zilifunguliwa mwanzoni mwa Juni, na kafyu ikasogezwa hadi saa tatu usiku. Kwa yule mzee wetu habari kubwa ilikuwa hizo saa mbili zilizoongezwa. Isha ilikuwa imerudi upande wetu.

Misikiti iliporuhusiwa kufunguliwa mwezi Julai ilikuja na masharti: watu wasiozidi 100, muda usiozidi saa moja, na wasiingie walio chini ya miaka 13 wala waliopita 58. Sharti hilo la mwisho liliandikwa kwa nia njema, kwani wazee ndio waliokuwa wakifa zaidi. Lakini mpelekee mtu sharti hilo mlangoni. Katika msikiti wetu kijana aliyewekwa mlangoni na kamati alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, na wa kwanza kufika alikuwa muadhini mwenyewe, aliyepita sabini, ambaye ndiye aliyekuwa ametuita. Kijana alikuwa na kipimajoto mkononi. Hakusema neno. Mzee akamtazama, akajua, akavua viatu kama kawaida, kisha akakaa juu ya ngazi ya nje, akaswali hapo, nyuma ya mlango ulio wazi, kiatu kimoja kila upande. Ijumaa zilizofuata wazee wengine wakawa wanakuja na miswala yao kukaa naye nje, wakiacha nafasi kati ya mtu na mtu kwa uangalifu ambao sisi wa ndani hatukuwa nao. Hakuna aliyewaamrisha waondoke, na sidhani kuna aliyekuwa na uso wa kuwaamrisha.

Ndiyo maana mwaka uliofuata, tulipokuwa tukimsikiliza Rais siku ile ya redio juu ya kigoda, hasira haikuwa juu ya ugonjwa. Watu walikuwa wameona mikutano ya kisiasa ya kupigia debe marekebisho ya katiba miezi michache kabla, umati bega kwa bega, na vipaza sauti, na hakuna aliyeuliza umri wa mtu. Yule kijana wa Shela alikata simu ya tatu, akasema wageni wote wameomba kurudishiwa pesa, na pesa zenyewe ameshanunulia makuti na rangi. Mei 20 mwaka huo huo gati la kwanza la Bandari ya Lamu likazinduliwa Kililana kwa sherehe. Sikualikwa, kwa hiyo sitasema waliketi umbali gani.

Kafyu ya korona iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa. Usiku ule Mkunguni palijaa hadi karibu na saa saba, si kwa sababu kulikuwa na la kufanya. Watu walikaa tu. Muuza kahawa alirudi kujaza mdila mara tatu, na alikuwa na vikombe kumi na viwili vipya na ndoo ndogo ya kuvioshea, kitu ambacho hakuna aliyemwamrisha. Ndugu yangu hakuwepo; bamvua ilikuwa imeanza na walikuwa wametoka.

Mwanzoni mwa Januari 2022, baada ya mashambulizi katika vijiji vya bara, Lamu Magharibi, serikali ilitangaza kafyu ya siku 30 katika baadhi ya maeneo ya huko. Nilisikia habari hiyo madakani, kwenye redio ile ile. Tarehe ilitajwa, vijiji vikatajwa. Yule mzee hakufumbua macho.

"Kuanzia saa ngapi?" akauliza.

Safari hii kijana aliyekaa karibu naye hakumjibu kwanza. Alitoa simu, akatazama maji.